Hakuja kusikiliza vidole

Kikundini kwetu cha taarab yuko kijana anayenishinda vidole kwenye dumbak, ile ngoma ya uso mmoja inayopigwa kwa mikono, tena mbali. Nalisema hili mapema asije mtu akadhani naandika kwa wivu. Wivu kidogo upo, sikatai, lakini mwenyewe anajua nampenda, na mara nyingi humwambia apige tena ili nimtazame.

Akiiweka dumbak pajani, mkono wake wa kulia unagawika. Kidole cha shahada kina kazi yake, cha pete kina yake, kifundo kinazunguka katikati, na ukifumba macho utadhani wamekaa watu watatu. Mtindo huo ni wa Kituruki. Aliyeutangaza duniani ni Mısırlı Ahmet, Mturuki aliyekwenda kuishi Misri kwa ajili ya ngoma hiyo hiyo. Kijana wetu hajawahi kumuona ila kwenye simu. Amejifunza usiku, kwa bando la bei ndogo, akirudisha nyuma video mpaka mamake akamhamishia kibarazani. Kikundini hakukuwa na wa kumfundisha, maana sisi tuliomtangulia tunapiga Kimisri cha zamani: kiganja, ncha za vidole, basi.

Na bado harusi ikija naitwa mimi. Yeye anaitwa hotelini. Jambo hili limemkaa rohoni, na juzi baada ya mazoezi akaniuliza mbele ya watu, kwa adabu lakini kwa sauti ya mtu anayetaka jibu: "Bi, hivi kwa nini mnapiga kitu kile kile tokea mwanzo wa wimbo mpaka mwisho? Mikono haichoki?"

Nikamwambia inachoka sana. Watu wakacheka, tukafunga vyombo. Lakini swali lake ni la haki, na jibu lake ni refu kuliko muda wa kungoja daladala.

Nianze na harusi, maana huko ndiko dumbak inakolipiwa.

Kwa asiyewahi kukaa kwenye taarab ya harusi ya Unguja: ukumbi umejaa wanawake, udi unafukizwa, mwimbaji yuko mbele na kipaza sauti. Ubeti unaingia. Kutoka safu ya nyuma ananyanyuka mama mmoja, noti yake iko vidoleni. Haji mbio. Anakuja na mdundo, bega hili, bega lile, noti inazunguka hewani ili kila mwenye macho aione. Kama kuna mtu anayemkusudia, na mara nyingi yupo, njia yake itapitia mbele ya huyo mtu, na pale atasimama kidogo kuliko inavyohitajika. Halafu atafika kwa mwimbaji na kumtunza kwenye mstari ule ule alioutaka. Noti ile imelipia maneno manne, matano. Ameyabeba kifuani tangu nyumbani, pengine tangu mwezi uliopita, na leo anayesemewa ni mwimbaji, yeye mwenyewe hakufungua mdomo. Ndiyo raha ya mafumbo: hakuna anayeweza kumpeleka kwa sheha.

Sasa jiulize dumbak ina kazi gani hapo. Ya kwanza ni kumpa yule mama pa kukanyaga. Akinyanyua mguu anataka ajue utashuka wapi. Ya pili ni kutokuwepo juu ya lile neno lake.

Tulikuwa na harusi Jang'ombe. Kijana akapewa dumbak, mimi nikashika rika, lile tari dogo lenye njuga. Kapiga vizuri tu kwa beti mbili. Ubeti wa tatu, wimbo wenyewe ni wa fumbo na neno la mwisho la mstari ndilo lenye sumu yote, mama mmoja wa makamo kashafika katikati ya ukumbi, noti ya elfu kumi juu. Mwimbaji anavuta pumzi, anafika kwenye neno, na kijana akamwaga vidole. Wallahi vilikuwa vizuri. Mlangoni wavulana wawili walipiga mluzi. Mama akasimama. Hakumtazama mwimbaji, alitutazama sisi, taratibu kutoka huyu hadi huyu, akaikunja noti, akarudi kukaa.

Mwimbaji wetu ni mtu mzima na hana papara. Alingoja mpaka tunapanda gari ndipo akamuuliza kijana: "Mwanangu, lile neno langu uliliweka wapi?"

Hakuelewa. Alisikia mluzi wa mlangoni, na alikuwa na haki ya kuusikia, kwa sababu ulipigwa kweli. Mimi mchana nauza kanga Darajani, kwa hiyo nilimweleza kwa lugha ya dukani: ni sawasawa na fundi mwenye mkono mzuri kuliko wote mjini, akakunja upindo wa kanga juu ya jina lake. Upindo umenyooka, uzi hauonekani, na mwenye kanga hana tena alichokinunua.

Lakini tusiishie kwenye harusi, maana mtu anaweza kunijibu kuwa hayo ni mambo ya adabu, si ya muziki. Nije kwenye mkono wenyewe.

Maalim aliyenifundisha, Mungu amrehemu, alikulia kwenye kidumbak, ile taarab ndogo ya kuchezwa, kabla hajaingia taarab ya viti na tai. Nilipomwendea kutaka dumbak alinipa mkwasa. Mkwasa ni vijiti viwili vifupi, unagonga kimoja kwa kingine, kah, kah-kah, na hakuna chochote zaidi unachoweza kuvifanyia. Hakuna kidole, hakuna kiganja, hakuna sauti nene wala nyembamba. Unaweza kuwahi, unaweza kuchelewa, au unaweza kuwa pale. Nikagonga mkwasa msimu mzima wa harusi, pembeni ya mzee wa sanduku, lile besi la sanduku na kamba, aliyekuwa akivuta kamba yake huku anavuta sigara, na kila nikikimbia alikuwa ananitazama bila kusema kitu. Kuna mambo mawili hufanya mkono ukimbie: watu wakishangilia, na mwimbaji akipandisha sauti. Na kuna moja linaloufanya ukokote, ni njaa ya saa saba za usiku. Hayo niliyajua kabla sijagusa ngozi.

Halafu ndiyo akanipa dumbak, na mdundo mmoja: ule ambao Wamisri wanauita maksum. Dum, tak, tak, dum, tak; dum ndilo pigo nene la katikati ya ngozi, tak ndilo kali la ukingoni. Mapigo matano ndani ya mizani ya nne. Mtoto anaujua kabla chai haijapoa. Maalim akaniacha nao.

Watu wakisema "mdundo rahisi" mimi huwa nataka kujua wanasema habari ya yale mapigo matano au habari ya kilichomo katikati yake. Kati ya tak na dum pana nafasi, na kila mpigaji anaijaza kwa vipigo vidogo vya mkono wa pili, vile tunavyoviita ka, vyepesi kiasi kwamba mwenye kukaa safu ya tano havisikii. Anavihisi lakini. Ukiviondoa, mdundo unabaki mifupa, na mama wa noti atatembea kama mtu anayepanda ngazi gizani. Ukivizidisha, unakuwa mchanga unaomwagika. Kwangu mimi mpigaji na mpigaji wanatofautiana hapo, kwenye vipigo ambavyo hakuna anayevilipia wala kuvipigia mluzi, na vinataka vidole vyenye nguvu na vyenye utii kuliko hata ule mtindo wa Kituruki. Hili nimemwambia kijana mara nyingi. Anaitikia "ndio, bi" kwa namna ya mtu anayengoja niondoke.

Tena kuna jambo la chombo, ambalo wazee wenzangu hawapendi nikilisema kwa sababu linawavunjia hoja. Wanapenda kusema zamani watu walikuwa na busara, hawakupiga madoido. Busara walikuwa nayo, sawa. Lakini dumbak zao zilikuwa za udongo, zimewambwa ngozi. Njoo nayo mwezi wa nne, masika imeshuka, unyevu umeingia kwenye ngozi, uone vidole vyako vitatoa nini. Pwah, pwah. Unaipasha moto, inasikika nyimbo mbili, inalegea tena. Na ukumbi hauna kipaza sauti cha ngoma, kuna fidla, kuna akodiani, kuna wanawake mia wanaozungumza. Kinachofika nyuma ya ukumbi ni dum na tak. Leo dumbak inakuja kutoka Misri, ya bati zito la aluminiamu, uso wa plastiki, inakazwa kwa spana, mvua haiijui, na mbele yake pana maiki. Kila kidole kinasikika mpaka barabarani. Kwa hiyo sehemu ya busara ya wazee ilikuwa ngozi mbovu, na sehemu ya mbwembwe za vijana ni plastiki nzuri.

Na anayedhani mambo yetu ya zamani yote yalikuwa ya polepole na ya kunyenyekea, huyo hajawahi kusimama kwenye kidumbak. Vidumbak viwili vya udongo, sanduku, fidla, cherewa za vifuu vyenye mbegu ndani, mkwasa. Nyimbo zinafungwa mkia kwa mkia bila kupumzika, mwendo unapanda, wachezaji wamejifunga kanga viunoni, na mpigaji jasho linamwingia machoni hana mkono wa kujifuta. Moto mtupu. Lakini sikiliza vizuri: kidumbak kimoja kinashika, kingine kinasema. Anayesema anaruhusiwa kusema kwa sababu mwenzake hasemi. Nimewaona watu wawili wote wakitaka kusema. Wachezaji walirudi kukaa kabla ya mpiga fidla hajajua kuna nini.

Sasa nije kwenye hoja ambayo ingenishinda kama kijana angeifikiria, na bahati mbaya juzi ameifikiria.

Nilikuwa nimemwekea video kwenye simu. Nilimwonesha Buddy Rich, mpiga ngoma wa jazi wa Marekani aliyefariki 1987, ambaye mikono yake sijui aliumbiwa au aliikodi. Halafu nikamwonesha Charlie Watts wa Rolling Stones, aliyekaa nyuma ya bendi ile tokea 1963 mpaka alipofariki 2021, na seti ndogo ya ngoma nne, uso umetulia kabisa. Nikamwambia mtazame mkono wa kulia: anapopiga ngoma ya snea, mkono wa matoazi unanyanyuka, haupigi. Anapunguza kitu ambacho karibu kila mpigaji anakiacha. Nilifurahi na mfano wangu. Kijana akatazama mpaka mwisho, akasema: "Sawa, bi. Lakini huyu alikuwa anapenda jazi, anawajua wale wa kasi, akachagua kutowafuata. Aliyenacho akaacha, na asiyenacho, mbona kwenu ni mtu mmoja? Mwengine anapiga rahisi kwa kuwa hajui kingine."

Nilinyamaza. Kwa sababu nawajua hao. Nawajua kwa majina na mitaa. Watu wanaosema "mimi nashika mdundo tu" na ukiwasikiliza hata huo mdundo hawaushiki, wameegemea neno "taratibu" kama mtu aliyeegemea ukuta wa jirani. Kuna uvivu mwingi uliovaa joho la heshima katika muziki wetu, na vijana wanauona.

Na zaidi: kama rahisi na imara ndiyo mambo yote, basi kinanda kimetushinda zamani. Tangu taarab ya kisasa ishike kasi miaka ya 1990, rusha roho na ndugu zake, ngoma imo ndani ya kinanda. Mtu mmoja anabonyeza, mdundo unatoka ule ule, haukimbii, haukokoti, hauoni njaa saa saba za usiku, na hautaki nauli. Familia ya bibi harusi inapiga hesabu: kundi zima la watu kumi na tano na pilau yao, au kijana mmoja na spika mbili? Sisi wenye ngozi na plastiki tumeshapoteza harusi nyingi kwa mashine hiyo, nyingi mno. Vikundi vikongwe vya taarab vya Unguja, Ikhwani Safaa ipo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958, na hata wao wanajua kuwa siku hizi ukumbi haujazwi kwa jina peke yake.

Lakini mtazame mama wa noti akitembea juu ya mdundo wa mashine. Anatembea vizuri. Kisha anafika mbele ya yule aliyemkusudia na anataka kusimama pale, na mashine haijui kwamba amesimama. Mimi najua. Namwona mgongo wake. Nashusha sauti, dum inakuwa nyepesi, ka zinabaki peke yake, ukumbi mzima unageuka kutazama, na anaponyanyua mguu tena nampa dum nzito chini ya unyayo. Hakuna aliyewahi kuniambia "ulipiga vizuri pale." Wanasema yule mama kacheza. Sasa hicho kitu kiite unavyotaka, rahisi sicho. Wala si cha vidole vya kasi. Kijana anaweza kukijifunza, na mzee mvivu hakijui ng'o.

Nikamjibu kwa mfano mwengine, wa karibu zaidi. Bibi yangu alikuwa akipiga vumi kwenye unyago. Ya unyagoni siyatoi hapa, wenye kujua wanajua. Ila ngoma zenyewe naweza kuzisema: pana msondo, pana chapuo, pana vumi yenye sauti nene ya chini. Bibi alipiga vumi, na kwenye vumi alikuwa na kitu kimoja. Hakujua maksum, hakujua samai, hakuwahi kusikia habari ya Mturuki. Hakuchagua kuacha kitu, hakuwa nacho. Na usiku kucha wanawake wazima walikuwa wakisogea kukaa upande wake. Kwa hiyo si kweli kwamba lazima uwe tajiri ndipo ukae kwenye mkeka. Kijana akasema, "Bibi yako alikuwa mwengine." Ndio, alikuwa mwengine. Hilo tumeliacha hapo.

Lazima niseme na upande wangu, maana hizo mbwembwe mimi mwenyewe zimenilisha.

Nilipoanza, mwanamke kwenye dumbak mbele ya wanaume lilikuwa jambo la kuvuta viti karibu. Siku hizi wasichana wanajifunza vyombo, tangu chuo cha muziki cha DCMA kianze 2002 nimeona mabinti wakitoka pale na fidla, na ganuni, na ngoma, na hakuna anayeshtuka. Zamani yangu ilikuwa tofauti. Ukifika, wanakutafutia kiti cha kuimba. Ukikaa nyuma ya dumbak, mmoja atasema kwa mzaha, "Bi, hiyo nzito," na wenzake watatabasamu. Ungeshika mdundo kwa uzuri wote wa dunia, wangesema "anajitahidi." Nilikuwa na mzunguko mmoja wa vidole, nimeuiba kwa mpiga dumbak wa Mombasa, naanza pembeni ya ngozi naingia katikati naishia na dum mbili. Nikiupiga huo, tabasamu linaondoka. Baada ya hapo wananiacha nifanye kazi. Kwa hiyo mtu asiniambie madoido hayana thamani. Yana thamani ya tiketi. Ila ukishaingia ndani ya chombo, kuendelea kuwaonesha abiria tiketi yako ni kuwachosha.

Bi Kidude hakuhitaji hata tiketi. Nilimwona Ngome Kongwe kwenye tamasha la Sauti za Busara, kizee, mwembamba, ngoma ndefu mbele ya kiuno, na kabla hajapiga pigo la kwanza uwanja ulikuwa wake. Mikono yake haikuwa na haraka. Ilikuwa na uhakika wa kutisha. Madoido yote yalikuwa kwenye shingo, kwenye jicho, kwenye namna alivyomtazama mpiga picha wa Kizungu mpaka akashusha kamera. Alifariki Aprili 2013, na tangu hapo kila msichana anayepiga ngoma Unguja anaitwa "Bi Kidude mdogo," hata mimi nimeitwa, na si sifa niliyoistahiki. Wanaoitoa wanakumbuka umri wake na sigara yake. Mkono hawaukumbuki.

Hoteli nazo nizitendee haki. Nungwi, Paje, tunapiga wageni wakila. Hawajui Kiswahili, kwa hiyo fumbo limekufa kabla halijatoka mdomoni, na nani atawalaumu? Kilichobaki kwao ni sauti na macho. Hapo kijana anang'ara. Anapewa dakika zake, anamwaga vidole, visu na uma vinawekwa chini, simu zinanyanyuliwa. Wanalipa vizuri, wanalipa usiku ule ule, na sijawahi kuona haya kuzichukua. Yeye anadhani naidharau kazi ile. Siidharau. Nasema tu kwamba ni kazi ya watu wasiosikia maneno, na ukiizoea sana utaanza kuwapigia hivyo hata wanaoyasikia.

Kioja kiko hapo hapo hotelini. Kila wiki yuko mgeni mmoja atakayeuliza habari za Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, kwamba alizaliwa Mji Mkongwe 1946, kwamba tunaupiga wimbo wake gani. Wanachoomba mara nyingi ni ule wa Queen wa 1977 ambao ngoma yake ni kukanyaga chini mara mbili na kofi moja. Bendi ile ilikuwa na Roger Taylor, mpigaji wa kweli, na seti yake kubwa, na katika kuurekodi wimbo huo waliiacha seti wakatumia miguu na mikono. Basi sisi tunaweka vyombo chini, wageni wanakanyaga sakafu ya mbao, wapishi wanatoka jikoni kukanyaga, na kijana wetu mwenye vidole vitatu kwa kimoja anapiga makofi kama mtu yeyote. Mara ya kwanza alinuna. Siku hizi ndiye anayewaongoza.

Tumefika wapi basi? Tumefika kwenye mapatano, na kama mapatano yote hayajamridhisha mtu.

Bashraf ya kufungulia, ile ya vyombo vitupu, ni yake. Hakuna maneno, hakuna mama wa noti, watu bado wanatafuta viti. Tunayo samai moja, mizani ya kumi: dum, kimya, kimya, tak, kimya, dum, dum, tak, kimya, kimya. Mapigo matano, vimya vitano. Nimemwomba khana ya kwanza, yaani sehemu ya kwanza, aache mifupa ionekane ili fidla na ganuni zijue zinakaa wapi, kisha kila taslimu, kile kipande kinachorudiwa baada ya kila khana, ikirudi aongeze, na khana ya nne, pale mizani inapobadilika na mwendo kuchangamka, amwage atakavyo. Amekubali, na nakiri imependeza kuliko nilivyokuwa nikiipiga mimi. Pale kwenye kubadilisha mizani nilikuwa napita nimeinama. Yeye anapita amesimama. Nimeanza hata kujifunza huo mgawanyo wa mkono, usiku, mlango umefungwa. Kidole cha pete hakinisikii.

Nyimbo za beti ni zangu, na yeye anashika rika. Mwanzo aliona ameshushwa cheo. Wiki ya pili akaja kuniambia mkono unamuuma, rika nzito, njuga zinatoa kila kosa, huwezi kujificha. Nikamwambia angalau hakupewa mkwasa.

Kinachogombaniwa mpaka leo ni kumbwaya. Mdundo huo ni wa ngoma zetu wenyewe, wa sita, uliingia kwenye taarab na haukutoka tena, na ukianza ukumbi mzima unanyanyuka. Yeye anasema sita inampa nafasi ya kugawa vidole kuliko mizani nyengine yoyote, na watu wakishanyanyuka hawasikilizi tena neno. Mimi nasema wakishanyanyuka wote ndipo hasa mtu mmoja akikosea mguu wataangukiana. Mwimbaji ametwambia ataamua yeye. Harusi za Mfunguo Mosi ndizo hizi zimefika na bado hajaamua. Kila tukimuuliza anatwambia kwanza tumrejeshee pesa yake ya teksi ya Jang'ombe.